Sura ya Saba: Likizo Inapoangukia Msimu wa Shamba

Mwanzoni mwa Juni, shule za Mpanda zinapofungwa, mpunga wa Mwamkulu na Kakese uko kwenye kukatwa na kupigwa, mahindi ya Nsimbo na Mlele yanabebwa kutoka mashambani, na tumbaku iko njiani kwenda sokoni. Mwanzoni mwa Desemba zinapofungwa tena, mvua zimeshashika na kila mwenye jembe anahangaika kupanda kabla magugu hayajamzidi. Katavi ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba mpaka Aprili, na atakayeupoteza hana mwingine wa kufidia. Basi likizo zote mbili ndefu zinaangukia pale pale familia inapohitaji kila mkono ilio nao. Mtoto wa Dar es Salaam akifunga shule huenda kwa bibi. Wa kwetu huenda shamba, au huachwa nyumbani wazazi wakaenda shamba.

Ndiyo maana ushauri wa likizo tunaousoma kwenye vipeperushi haututoshi. Unamdhania mtoto asiye na la kufanya, anayehitaji kupunguziwa televisheni na kuongezewa michezo. Mtoto wa Katavi ana kazi nyingi. Anachokosa ni mtu mzima wa kumtazama. Madhara nitakayoyataja katika sura hii, kuanzia mimba mpaka kuzama majini, yana chanzo kinachofanana: saa kadhaa ambazo hakuna mkubwa aliyejua mtoto yuko wapi, yuko na nani, na anafanya nini. Shule, pamoja na mapungufu yake yote, hujibu maswali hayo matatu kila siku tangu asubuhi hadi alasiri. Ikifungwa, lazima apatikane wa kuyajibu.

Nyumba isiyo na mkubwa

Sensa ya mwaka 2012, mwaka ambao mkoa huu ulimegwa kutoka Rukwa, ilihesabu watu 564,604. Ya mwaka 2022 ilihesabu 1,152,958. Ndani ya miaka kumi tumezidi maradufu, na wengi wa wageni wamekuja kutafuta ardhi ya kulima na malisho ya ng'ombe. Matokeo yake mashamba yamesogea mbali na makazi. Kwa familia nyingi shamba si la kwenda na kurudi; ni la kuhamia. Baba na mama wanajenga kibanda cha miti na turubai, wanabeba sufuria na mbegu, na wanakaa huko wiki tatu, wakati mwingine miezi miwili.

Nyumbani anabaki binti mkubwa, wa miaka kumi na tatu au kumi na minne, pamoja na wadogo zake. Ameachiwa unga debe moja, dagaa, chumvi, na hela kidogo ya mboga. Tufanye hesabu ambayo mama, kwa haraka ya safari, hakuifanya. Watoto wanne wakila ugali mchana na usiku, debe hilo halifiki mwisho wa wiki ya pili. Hela ya mboga imeshaisha siku nyingi. Sabuni imeisha. Binti akiingia kwenye hedhi hana taulo za kike, na simu ya baba haipatikani kwa sababu kambini hakuna mtandao. Hapo ndipo anajitokeza mtu mwenye msaada: dereva wa bodaboda anayepita kila jioni, muuza duka anayekubali kukopesha, binamu aliyepanga chumba cha uani. Mtaa mzima unajua kwamba nyumba ile haina mkubwa. Na huyo mwenye msaada anajua zaidi ya wote.

Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi wa mwaka 2015/16 uliuweka Mkoa wa Katavi juu kabisa nchini: asilimia 45 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshazaa au wana mimba, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 27. Katika utafiti wa mwaka 2022 wastani huo ulishuka hadi 22, na nafasi ya kwanza ikachukuliwa na Songwe. Tusishangilie kuwa wa pili au wa tatu katika mbio hizi. Mimba ya utotoni humkuta msichana kabla nyonga hazijakomaa, na hatari zake zinajulikana katika kila wodi ya wazazi: uchungu unaokwama, kifafa cha mimba, fistula, mtoto njiti.

Tena mavuno huleta pesa, na pesa huleta minada, ngoma na vibanda vya video vinavyokesha. Katika baadhi ya vijiji kuna pia chagulaga, ambapo vijana humzingira msichana na kumfuata hadi atamke amemchagua nani. Wapo wanaoitetea kama mila. Lakini msichana aliyezungukwa usiku na wavulana sita hachagui. Anatafuta njia ya kutoka.

Kwa hiyo kabla ya kwenda shamba, fanya mambo manne. Kwanza, usimwache binti peke yake na wadogo zake. Alale nao mwanamke mzima ambaye wewe na yeye mnamwamini. Kama ndugu hayupo, familia tatu za jirani zinaweza kwenda kwa zamu, kila wiki akibaki mama mmoja kuangalia nyumba zote. Pili, piga hesabu ya chakula kwa siku, kisha ongeza ya wiki moja, na sabuni na taulo za kike ziwe kwenye hesabu hiyo. Tatu, mwambie mjumbe au mwenyekiti wa kitongoji kwamba umeondoka, na umtajie nani amebaki na watoto. Nne, kaa na binti umweleze waziwazi: mtu yeyote, hata ndugu, akimshika au akimpa zawadi kwa masharti ya siri, aseme, na hatapigwa kwa kusema. Ahadi hiyo ya mwisho ni nzito kuliko onyo lolote. Watoto wengi hunyamaza kwa kuogopa zaidi fimbo ya nyumbani kuliko wanavyomwogopa aliyewatendea.

Tendo la ubakaji likishatokea, muda ni wa kuhesabu kwa saa. Mtoto aliyebakwa afikishwe hospitali au kituo cha afya haraka, ndani ya saa 72, ili apate dawa za kuzuia maambukizi ya Virusi vya UKIMWI. Kila saa inayopita hupunguza nguvu ya dawa hizo. Asioge kwanza, na nguo alizovaa zihifadhiwe. Dawati la Jinsia na Watoto la polisi litatoa fomu ya PF3. Namba 116 ya kuwasaidia watoto hupigwa bure. Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yaliweka kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mwanafunzi mimba au kumuoa. Pamoja na hayo, mashauri mengi yanazimwa nyumbani, wazee wakikaa na kukubaliana ng'ombe wawili. Mficha maradhi kifo humuumbua: aliyelipa ng'ombe akaachwa ameshajua bei, na mtoto wa jirani ndiye anayefuata.

Na kwa aliyekwisha kupata mimba, shule haijafungwa. Tangu Novemba 2021 serikali inaruhusu wasichana waliojifungua kurudi darasani katika mfumo rasmi. Mzazi anayeambiwa vinginevyo aende kwa afisa elimu.

Miezi minne ya darasa la saba

Kuna likizo nyingine isiyoitwa likizo. Mtihani wa darasa la saba hufanyika Septemba, na kidato cha kwanza huanza Januari. Kwa karibu miezi minne mtoto wa miaka kumi na tatu au kumi na minne si mwanafunzi machoni pa jirani, na bado si mtu mzima machoni pa sheria. Kwa waliomaliza kidato cha nne mwezi Novemba, kungoja kidato cha tano kunafika Julai.

Katika kipindi hiki ndipo mvulana hupewa ng'ombe wa kuchunga mbali na kwao, au humfuata kaka yake machimboni, au hujifunza bodaboda bila leseni. Ndipo msichana hupelekwa mjini kufanya kazi za ndani kwa mtu ambaye mama amemwona mara moja, au mahari yake huanza kuzungumzwa chini kwa chini. Januari jina linasomwa kwenye orodha ya waliochaguliwa, na mwenye jina hayupo.

Dawa yake ni kumpa mtoto shughuli yenye mwisho unaojulikana. Nunueni daftari na sare mapema, Oktoba, pesa za mavuno zingalipo. Mtoto aliyeona sare yake ikining'inia ukutani anajua anangoja nini. Mpeleke kwa fundi cherehani, seremala au fundi baiskeli wa mtaani kwa saa chache kwa siku. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14, ilimradi isimdhuru wala kumkosesha masomo. Kazi za migodini, za kubeba mizigo mizito na za kwenye baa imezitaja kuwa hatarishi kwa mtoto. Anayekuja kuomba mtoto wa kazi za ndani mwulize jina la mtaa, namba ya nyumba na simu ya mwenyekiti wake. Asiyeweza kujibu hayo hatafuti msaidizi.

Maji yaliyotuama na maji yanayokwenda

Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2024, lilikadiria kuwa watu 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Mtoto mdogo hahitaji ziwa ili azame. Ndoo, kisima kisichofunikwa na dimbwi la kumfika kiunoni vinatosha. Wala hapigi kelele kama tunavyoona kwenye sinema. Mdomo ukishakuwa chini ya maji hakuna sauti, na dakika chache zinatosha.

Kiangazi tunafyatua tofali. Tunachimba udongo, tunafyatua, tunachoma, tunajenga, na shimo tunaliacha. Desemba linajaa maji ya rangi ya chai ya maziwa, kingo zake zinateleza, na hakuna anayeona kina chake. Kwa watoto waliofunga shule ndilo bwawa la kuogelea lililo karibu zaidi. Mwenye shimo alifukie au alizungushie miiba kabla ya mvua, na serikali ya mtaa isione haya kumdai afanye hivyo.

Kwa wanaoishi kandokando ya Mto Katuma na Sitalike, penye lango la Hifadhi ya Taifa ya Katavi, kuna jambo la ziada. Kiangazi maji yanapopungua, viboko hujazana kwenye vidimbwi vilivyobaki, wamebanana na wana hasira. Jioni hutoka kwenda kula majani na alfajiri hurudi. Anayeuawa mara nyingi ni yule aliyekaa kati ya kiboko na maji. Mtoto asitumwe maji mtoni jioni wala alfajiri. Aende jua likiwa limepanda, na wakubwa, mahali palipo wazi. Mamba naye hujua mahali panapochotwa maji kila siku kwa saa ile ile.

Ikola na Karema hatari ni upepo. Ziwa Tanganyika linaweza kuwa kimya asubuhi na kuchafuka kabla ya adhuhuri. Kijana anayekwenda na wavuvi avae boya la kifuani, hata kama wenzake watamcheka.

Ukimwona mtu anazama, usimrukie kama hujafunzwa. Aliyeshikwa na hofu humzamisha mwokozi. Mrushie kamba, mnyooshee mti, au mrushie dumu tupu la lita 20 lenye kifuniko kilichokazwa, litamsaidia kuelea. Akishatolewa, asining'inizwe kichwa chini wala asibinywe tumbo. Kama hapumui, mlaze chali, inua kidevu, mpulizie pumzi mdomoni na mgandamize kifua, huku mtu mwingine akitafuta usafiri.

Machimboni

Dhahabu ya Mpanda ni ya siku nyingi, na madini ndiyo yaliyoleta reli hapa: njia ya kutoka Kaliua ilijengwa kwa ajili ya mgodi wa risasi, ikafika mwaka 1950. Leo wachimbaji wadogo wametawanyika katika vijiji vingi, na likizo ikifika watoto huonekana kwenye mialo wakiosha mchanga, wakibeba viroba vya mawe, wakiuza maji na maandazi kando ya maduara, yaani mashimo ya uchimbaji.

Kuporomoka kwa duara kila mtu anakuogopa. Zebaki haiogopwi, kwa sababu haiumi inapoguswa. Mchenjuaji huichanganya na mchanga, hushika dhahabu, kisha huichoma mpaka zebaki iondoke kama mvuke. Mvuke huo hauonekani wala haunuki. Ukivutwa huingia kwenye damu na kushambulia ubongo na figo, na kwa mtoto ambaye ubongo wake ungali unakua madhara ni makubwa zaidi. Kwa mimba ni hivyo hivyo. Wapo wanaochomea jikoni, kwenye kikaango kile kile kinachopikiwa mayai. Kama baba ni mchimbaji na hana kazi nyingine, walau achomee mbali na nyumba kwa kutumia chombo cha kunasa mvuke, abadili nguo kabla ya kumbeba mtoto, na vyombo vya kazi hiyo visirudi jikoni kamwe.

Kambi ya shamba iliyo salama

Kwa familia nyingi uamuzi ulio bora ni kwenda na watoto shamba. Basi kambi iandaliwe kwa ajili yao kama inavyoandaliwa kwa ajili ya mbegu.

Chandarua ndicho kitu cha kwanza kupakiwa. Kinasahaulika kwa sababu kimefungwa juu ya kitanda cha nyumbani, na mbu wa bondeni wanamkuta mtoto wazi. Homa ikimpata, apimwe malaria siku hiyo hiyo, kesho yake ikichelewa sana. Akipewa dawa mseto amalize dozi zote sita za siku tatu, hata kama siku ya pili ameshaanza kucheza. Akishindwa kunywa, akitapika kila kitu, akilegea au akipata degedege, hiyo ni malaria kali. Degedege si la kupelekwa kwanza kwa mganga. Kila saa anayokaa huko inatoka kwenye uhai wake.

Nyoka hufuata panya, na panya hufuata mahindi. Ghala lisiwe ndani ya kibanda mnacholala, watoto wasilale chini, na usiku watoke na tochi na viatu. Mtoto akiumwa na nyoka, atulizwe, avuliwe bangili na pete, mguu au mkono ufungwe kwenye kijiti usitikisike, na apelekwe hospitali akiwa amebebwa. Msichanje, msinyonye, msifunge kamba ya kuzuia damu, wala msipoteze muda kwa jiwe jeusi. Sumu ya swila ikimrukia machoni, aoshwe kwa maji mengi safi kisha apelekwe.

Dawa ya pamba na dawa ya magugu zisihamishiwe kwenye chupa ya soda. Mtoto mwenye kiu anajua chupa ya soda ina nini. Makopo yaliyokwisha yatobolewe yasichotewe maji, na bomba la kupulizia lisibebwe na mwanafunzi.

Desemba misitu yetu ya miombo hutoa uyoga, na watoto ndio wachumaji hodari. Wapike ule tu ambao bibi au mama ameuona kwa macho na anaujua. Kuuchemsha uyoga wenye sumu hakuondoi sumu yake. Maji ya kunywa yachemshwe. Mtoto akiharisha apewe maji ya chumvichumvi, pakiti moja kwa lita moja ya maji safi, na vidonge vya zinki kwa siku kumi. Yaliyobaki baada ya saa 24 yamwagwe. Anayecheza kwenye majaruba ya mpunga na kukojoa damu ana kichocho. Si dalili ya kubalehe, kama wavulana wanavyodanganyana, na dawa yake ipo.

Halafu wadogo wa chini ya miaka mitano wanahitaji mlinzi asiyeshika jembe. Huko Bangladesh, nchi ya mito na madimbwi, vijijini vilianzishwa vituo vya kulea watoto saa za asubuhi, mama mmoja wa kijijini akiwatazama huku wenzake wakiwa kazini, na vifo vya kuzama kwa watoto hao vilipungua kwa zaidi ya asilimia 80. Hapa Tanzania mpango wa taifa wa malezi ya awali uliozinduliwa Desemba 2021 unahimiza vituo vya kulelea watoto mchana. Kambi tano za mashamba yanayopakana hazihitaji jengo wala mhisani ili zianze. Zinahitaji kivuli cha mti, mkeka, uji, na bibi mmoja atakayelipwa kwa mahindi wakati wa mavuno.

Kikao kabla shule haijafungwa

Shule zetu huitisha kikao cha wazazi, na ajenda huwa ni michango, chakula na matokeo. Ongezeni moja: likizo. Kila mzazi aseme familia yake itakuwa wapi na mtoto atabaki na nani. Mwalimu mkuu ataondoka na orodha ya nyumba zisizokuwa na mkubwa, na orodha hiyo aikabidhi kwa mtendaji wa kijiji na afisa ustawi wa jamii. Kamati ya ulinzi wa wanawake na watoto ya kijiji itakuwa na pa kuanzia, badala ya kusubiri mpaka mtoto aletwe zahanati. Msikiti na kanisa navyo vina madarasa, walimu na vijana; madrasa ya asubuhi au kwaya ya alasiri huwapa watoto saa tatu ambazo mkubwa fulani anajua waliko.

Shule ikifunguliwa, mwalimu aite majina siku ya kwanza na afuatilie asiyeitikia wiki hiyo hiyo, asingoje mwisho wa mwezi. Msichana aliyeolewa wiki mbili zilizopita bado anaweza kurudishwa. Mvulana aliyekwenda machimboni bado hajazoea hela. Kadiri siku zinavyopita, kila mmoja wao anazidi kuwa mtu ambaye wakubwa wamekubaliana kutomtafuta.